Jina la Mama kwenye Wasifu

Dada mtu alikuwa mchapaji katika duka la mdogo wake, chumba chembamba chenye kompyuta tatu na feni iliyolalamika kutwa. Programu za kuandikia alishazijaribu nyingi. Moja ilimchorea mistari myekundu chini ya kila neno la Kiswahili, kana kwamba lugha nzima ni kosa. Nyingine ilimbadilishia maneno kabla hajainua kidole. Mwishowe akachagua ile kavu kabisa, isiyo na rangi wala madoido: ukiandika inaandika, basi. Humo alichapa barua za kuomba kazi na za kuachana, na hakuna aliyerudi kulalamika.

Mdogo mtu aliionea aibu. Alisema wateja wakichungulia kioo watadhani duka limepitwa na wakati. Asubuhi moja dada akakuta imefutwa bila kuambiwa. Alipouliza, akajibiwa kwamba hii mpya inasahihisha yenyewe. Akaendelea kuchapa, duka halikuwa lake.

Kisha mama yao akafariki. Dada aliandika wasifu huku machozi yakimwasha macho, akahakikisha kila jina, akawahi nyumbani kupokea waombolezaji. Mdogo mtu ndiye aliyebaki kuprinti. Kuona jina la mama kila mahali limepigwa mstari mwekundu, akabonyeza mahali pa kusahihisha yote kwa mpigo, akatoa nakala.

Msibani, binamu yao alisimama kusoma. Alipofika kwenye jina la marehemu akasita, kisha akalisoma lilivyo: programu ilikuwa imeligeuza kuwa neno la Kiingereza lenye maana ya birika. Huko nyuma mtu akacheka, akajifanya anakohoa. Shangazi akataka kujua nani kachapa.

"Mchapaji ni dada," mdogo mtu akasema, macho kwenye viatu vyake.

Dada angeweza kusema. Lakini jeneza lilikuwa mbele yao, na ugomvi pale ungemwaibisha mama mara ya pili. Akainamisha kichwa, lawama zikamkalia.

Msiba ulipoisha alimfuata mdogo wake dukani.

"Kwa nini ulinitwika mimi?"

"Yameshapita, dada. Mimi nina wateja, wangenionaje?"

Dada akachukua miwani yake, akatoka, hakurudi tena. Siku hizi ukoo ukiwa na shughuli, kazi ya kuchapa hupelekwa kwa mdogo mtu. Dada hupewa karatasi iliyochapwa mlangoni kama mgeni mwingine yeyote, na shangazi humwangalia anavyoikunja.