Pwani Isiyo na Mwenyewe

Ramani ya mpango wa miaka ishirini ilitundikwa ukutani ofisini kwetu mjini, kijani kwa mashamba, manjano kwa makaazi, zambarau kwa viwanda vidogo na maghala, ambako vijana wa Unguja wangepatiwa ajira. Kusini mwa mji, mahali ambapo maji ya bahari yakitoka hubaki tope jeusi kati ya mikoko na kijiji, palipakwa zambarau. Katika picha iliyopigwa kutoka angani, pale palikuwa patupu.

Hapakuwa patupu. Ndani ya tope lile wanawake wa kijiji, mama yangu mdogo akiwa mmoja wao, hufukia makumbi ya nazi yakae miezi mingi mpaka yalainike, kisha huyafukua, huyapiga kwa gongo na kusokota kamba. Juu ya kila shimo huwekwa mawe machache, na kila mwanamke anayajua yake. Mama mdogo hana mume wala mtoto; kamba ndizo zilizomlisha. Likizo zangu za skuli nilizimaliza nikipiga makumbi pamoja naye, na harufu ya makumbi hayo ilinikaa nyweleni hata baada ya kuoga.

Nilimweleza haya mkuu wangu wa kazi. Hakuwa mtu mbaya. Alisema maneno ya mtoto juu ya jamaa zake hayawezi kubadilisha ramani. Kama shughuli ipo, wenyewe waiseme mkutanoni nayo itaandikwa.

Siku ya mkutano nilitangulia, nikashuka pwani.

“Shikamooni.”

“Marahaba. Leo ofisi imetushukia na viatu vyake,” alisema jirani yake mama mdogo, magoti yamezama topeni. “Vua, mwanangu. Tope hili halijui cheo cha mtu.”

Walicheka, nami nikavua. Niliwaambia kwamba wataulizwa, na kwamba jibu lao ndilo litakaloamua kama mahali hapa patabaki.

“Tutajibu,” alisema mama mdogo. “Midomo tunayo.”

Mkutano ulifanyika katika banda la skuli, wanaume mbele vitini, wanawake nyuma kwenye mikeka. Mkuu wangu alikunjua ramani, akaweka kidole penye zambarau.

“Sehemu hii ya pwani ina mwenyewe?”

Akawageukia wanawake, akauliza tena kwa upole. Mama mdogo ndiye aliyejibu.

“Pwani haina mwenyewe, baba. Ya Mungu.”

Wenzake wakaitikia, hata yule jirani wa utani. Katika kijiji kile, kudai tope ni aibu iliyo karibu na dhambi. Cha mtu ni kile alichokifukia tu. Akishakifukua, shimo ni la yeyote atakayekuja. Ndiyo sababu sijapata kusikia ugomvi pale. Nilijongea mpaka mkekani kwake.

“Mama mdogo, sema ni yenu.”

“Nseme uongo, mwanangu? Mbele ya watu wote hawa?”

Nikasimama mwenyewe, nikaeleza habari ya makumbi. Mkuu wangu alimtazama sheha, kiongozi wa serikali pale kijijini, naye akasema kwamba hiyo ni shughuli ndogo ya kina mama, wanaweza kufukia popote penye tope. Hakuna mwanamke aliyembishia, kwa kuwa popote penye tope palikuwa pa Mungu vilevile. Ikaandikwa kwamba hapana dai. Vijana waliosimama mlangoni walipiga makofi waliposikia habari ya ajira, na sikuweza kuwalaumu.

Mpango ulipopitishwa nilikwenda kumpa mama mdogo habari. Nilimkuta pwani, shimo limeshachimbwa, pakacha la makumbi mabichi liko kando yake.

“Watakuja lini?”

“Sijui. Huenda mwakani, huenda baada ya miaka mingi. Mpango hausemi.”

“Na wakija, mtu anaambiwa kwanza?”

Nilitaka kusema ndiyo. Ninaijua kazi yetu: anayepewa taarifa ni mwenye dai.

“Fukia tu, mama mdogo. Pengine hawatakuja upesi.”

Aliutazama uso wangu, kisha akalitazama shimo, ambalo maji yalikuwa yameanza kulijaza.

“Nikifukia, nani ataniambia nifukue?”

Alijitwika pakacha lake, akapanda kuelekea nyumbani nami nikimfuata nyuma, na alipofika uani aliyamwaga makumbi juani, akayatandaza kwa mguu yakauke yawe kuni.