Viungo vya Pilau vya Wifi Yangu

Kila mwaka, wiki moja kabla ya Idi ya kuchinja, natengeneza viungo vya pilau kwa mikono yangu. Vya mashine sivitaki. Mashine ya hapa kwetu Chanzuru inasaga mahindi kutwa, ukipeleka mdalasini unarudi na dona linalonukia. Nakaanga binzari nyembamba, iliki, karafuu, pilipili manga na mdalasini kwenye kikaango kikavu, natwanga kwenye kinu kidogo alichoniachia mama, nachekecha, najaza kwenye chupa na kufunga utepe mwekundu shingoni. Ni zawadi. Chupa ya kwanza siku zote ni ya wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, aliyeolewa Mikumi.

Naye kila mwaka hunipigia simu kunisifia. "Wifi, watu wamelamba sahani! Huo mkono wako una nini?" Nami hucheka na kumwambia aje ajifunze, mvivu mkubwa we, maana mawifi ni watani.

Mwaka ule sikucheka sana. Mimba zake mbili zilikuwa zimeharibika, na baada ya ile ya pili maneno yalinifikia sokoni: pale pana mkono wa mtu, na mtu mwenyewe ndiye anayempelekea vyakula. Sikumuuliza kama ameyasikia. Niliogopa jibu. Sasa alikuwa na mimba ya tatu, ya miezi sita, na chupa yake niliituma kwa basi huku namwomba Mungu wifi aipokee kwa moyo mweupe. Jioni akapiga simu. Imefika, akasema, na kesho mchana ana wageni, atawapikia pilau kwa viungo hivyohivyo. Nililala nimefurahi.

Asubuhi mume wangu alikuwa uani anatia mahindi dawa ya kuua wadudu dumuzi kabla ya kuyafunga kwenye magunia.

"Mama watoto, kile kinu kidogo umekiweka wapi?"

"Cha nini?"

"Dawa imeshika mabonge tena. Nataka kuyaponda."

"Tena?"

"Kama juzi ile."

Juzi ile. Yeye aliponda, na kesho yake mimi nikatwanga viungo.

"Ulikiosha?" nikamuuliza.

Akanitazama, na uso wake ukaanza kubadilika. "Nilikifuta," akasema.

Mimi nikiogopa, nagomba. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa, huku natafuta namba ya wifi kwenye simu. Namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Nikapiga tena, na tena. Chupa nyingine tano zilikuwa bado kabatini. Tulizifukia nyuma ya choo, na kinu cha mama nikakitupa shimoni juu yake. Kisha akawasha pikipiki, tukashika njia ya Mikumi, ile inayopita kijiji cha Ulaya.

Nimepita barabara ile mara nyingi, lakini siku ile sikuona kitu. Niliona kijiko. Kijiko kimoja kinaingia kwenye sufuria, cha pili kinafuata. Kila tuliposimama kupisha ng'ombe nilipiga simu, na kila mara yule mwanamke wa kwenye simu alinijibu kwa upole uleule mpaka nikamtukana. Niliogopa kwa ajili ya mtoto. Na, Mungu anisamehe, niliogopa pia kwa ajili yangu. Mimba ikitoka, nani atasadiki habari ya kinu? Hata nikiwahi, nitasemaje? Ukienda kudai chakula ulichomzawadia mjamzito, umeshajihukumu mwenyewe. Nikaamua kusema viungo vimeingia unyevu na vimeota ukungu. Mume wangu nikamwambia abaki barabarani na pikipiki, maana yeye uongo haumkai mdomoni.

Nilipolifikia geti la wifi nilisikia harufu ya pilau.

Sikupiga hodi. Niliingia moja kwa moja hadi jikoni, na wifi yangu, tumbo mbele na mwiko mkononi, akashtuka.

"Shikamoo wifi! Mbona ghafla, kuna msiba?"

Hata marahaba sikuitika. "Umekula?"

"Bado halijaiva."

"Umeonja?"

"Nimeonja chumvi tu. Wifi, kuna nini?"

Nikaangalia chini ili asiyaone macho yangu, na hapo nikaziona, kando ya jiko la mkaa: pakiti mbili za viungo vya dukani, zimechanwa, zimebaki tupu. Nilizitazama mpaka nikaelewa. Nikaanza uongo wangu, kwamba viungo vyangu vimeota ukungu, kwamba nimekuja kuchukua ile chupa isije ikamuumiza tumbo.

Hakuniuliza kwa nini nimesafiri njia yote ile kwa ajili ya ukungu. Aliuweka mwiko kwenye sufuria, akaenda kwenye kabati la vyombo na kufungua mlango wa chini.

"Ipi?" akauliza.

Zilikuwa nne, zimepangwa mstari. Za miaka minne. Tepe zote zilikuwa nilivyozifunga mimi, fundo langu lilelile la kuzunguka mara mbili, na mbili za nyuma zilishapauka.

"Zote," nikasema.

Akashika pindo la khanga yake, akalizungusha mkononi, na kwa mkono huo uliofunikwa akanipa moja, kisha nyingine, mpaka zikaisha. Hakunitazama. Nilizitia kwenye mfuko, nikamwambia asisimame sana kwenye moshi, akasema ahsante wifi, msalimie kaka.

Mume wangu alikuwa amekaa chini kando ya pikipiki, ameshika kichwa. Aliponiona akasimama.

"Ametumia?"

"Hajatumia."

"Alhamdulillahi!" akasema, machozi yakimtoka, na akanishika mabega hadharani, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Na mimi nikasema alhamdulillahi, na nilimaanisha. Kisha nikapanda nyuma yake, nikapakata mfuko wenye chupa nne, nikalia mpaka Ulaya.