Gunia Bila Lumbesa

Nilirudi nyumbani Ruaha na shahada ya ununuzi na ugavi, na hofu ambayo sikumwambia mtu: kwamba nilijua zaidi namna watu wanavyoiba kwenye zabuni kuliko nilivyojua kuendesha zabuni yenyewe. Chuoni tulifundishwa mianya yote. Tangu hapo, kila aliyenisalimia kwa upole nilimtafutia mwanya wake.

Mama na wenzake walikuwa na kikundi cha mkaa mbadala. Zamani walichoma mkaa wa miti milimani, wakikimbizana na walinzi wa msitu, mpaka mama akaanguka korongoni akitoroka. Nyonga yake haijakaa sawa hadi leo. Sasa walichoma majani makavu ya miwa ndani ya pipa, wakayasaga, wakachanganya na uji wa muhogo, wakakandamiza vipande na kuvianika.

Shule moja ya bweni Mikumi ilikuwa imeagizwa kuacha kuni, na zabuni ya nishati ilitengewa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Nilikwenda Kilosa kufuatilia usajili wa kikundi, nikajaza maombi kwenye mfumo wa zabuni mtandaoni, nikayakagua na kuyakagua tena, mpaka mama akaniuliza kama naomba zabuni au naomba msamaha. Tukikosa, angerudi mlimani. Hakulisema, ila panga lake la zamani nililikuta limenolewa.

Kwenye mtihani niliwahi kuandika kwamba fedha ya serikali ikinunua vizuri, msitu unapumua na kina mama wanakula. Nilipata alama nzuri. Mtihani ule haukuwa na mfanyabiashara wa mkaa ndani yake.

Huyu alikuwa ndiye mnunuzi wa mama enzi za mlimani, mwenye lori na kibanda kando ya barabara kuu pale Mikumi. Alikuja na sukari na mkate, akamwamkia mama kwa adabu, akasema sampuli zetu atazipeleka shuleni bure. Nikamuuliza kwa nini bure.

"Msomi," akasema, "hata lifti siku hizi ina mkataba?"

Kina mama wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshaiona filamu yote kichwani: kikundi kinashinda, yeye anapeleka mkaa wa miti, mama anatia sahihi. Nilipomweleza mama, alisema nimekuwa kama mbwa anayembwekea hata mwenye nyumba.

Siku ya sampuli nilikataa kukaa mbele kwenye lori la mfanyabiashara. Nilipanda nyuma, nikakalia magunia yetu njia nzima. Pembeni palikuwa na magunia mengine chini ya turubai. Alisema ni ya wateja wake. Nikayatazama mpaka Mikumi.

Shuleni, ofisa manunuzi, dada mpole asiye na maneno mengi, aliagiza gunia moja limwagwe chini. Juu vilitoka vipande vizima, vizuri kama maandazi. Kisha zikamwagika chenga na vumbi, nusu ya gunia.

Niligeuka kumtazama mfanyabiashara. Nakumbuka nilipata utulivu wa ajabu, kwa sababu hatimaye nilikuwa sahihi. Nilikuwa nafungua mdomo mama aliposema, "Nimelifunga mimi."

Alimtazama ofisa bila aibu yoyote. "Vizuri vinakaa juu, chenga chini, na lumbesa yake imevimba juu ya mdomo wa gunia. Barabarani gunia linafungwa hivyo. Nimelifunga vizuri kabisa."

"Mama yangu," ofisa akajibu, "hapa hatununui gunia. Tunanunua kilo zinazowaka."

Mfanyabiashara akamvuta mama pembeni, nami nikawafuata bila kuitwa. Akasema kwa sauti ya chini kwamba chini ya turubai ana mkaa mzuri, tubadilishe upesi. Shule inataka moto, alisema, haiulizi ulizaliwa wapi. Na kuanzia leo mama asihangaike na pipa wala muhogo, yeye ataleta mzigo kila mwezi, mama aweke jina tu.

Mama aliangalia lile lori muda mrefu, mkono kwenye nyonga. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, maana sikujua angejibu nini.

"Baba," akamwambia mfanyabiashara, "mkaa huo naujua. Pengine ni mimi niliyeuchoma."

Akarudi uwanjani, akaomba chekecheke jikoni, akaketi chini na kuanza kuchambua chenga mbele ya ofisa. Vipande vilivyobaki vilijaribiwa jikoni, vikaivisha maharage. Ofisa akasema tulete sampuli nyingine, gunia lifungwe bapa. Tulipotoka nje, lori halikuwepo.

Zabuni tuliipata, ya muhula mmoja tu kwa majaribio. Asubuhi ya mzigo wa kwanza kina mama waliyazunguka yale magunia bapa kwa mashaka. Bila lumbesa, walisema, yanaonekana kama yamepunjwa, mtu atadhani sisi ni wezi. Dereva wa lori jipya alitusalimia kwa upole mno, nikaanza kumchunguza.

Kisha nikafungua gunia la kwanza, nikazamisha mkono mpaka begani. Nilipoinua uso, mama alikuwa ananitazama. Nikasita.

"Chimba tu," akasema. "Hilo nimelifunga mimi."

Nikachimba mpaka chini.