Mbwa Aliyeijua Njia ya Migato

Nakumbuka siku niliyomtia mbwa kwenye gunia la pamba, mwanangu, na ninakusimulia kwa sababu jana nimekuona ukimburuta yule mbwa uliyemleta kutoka Bariadi mjini, ukimfokea kana kwamba amekukosea.

Nilikuwa nimeoa miezi miwili tu. Fisi alikuwa amekula mbuzi wetu wawili hapa Sapiwi, basi baba mkwe wangu wa Migato akanipa mbwa wake mzuri, Simba. Akasema, "Mchukue. Ila akinirudia, nitajua mji wako haukaliki, nami nitakuja kuuliza hali ya binti yangu." Maneno hayo niliyaogopa kuliko fisi.

Wazee wetu walikuwa na dawa ya kumzuia mbwa asirudi alikotoka: mbwa mgeni asiione njia, na akifika apimwe mkia kwa bua la mtama, bua lizikwe mlangoni. Nikamfunga guniani nyuma ya baiskeli, nikazunguka majaruba ya mpunga mara nyingi ili nimpoteze. Nikapotea mimi. Ikabidi nimwulize njia mama mmoja aliyekuwa akipalilia, naye kwanza akataka kujua kwa nini gunia langu linalia.

Nyumbani nikampima mkia, nikazika bua kizingitini, nikamfunga kamba fupi kando ya zizi na kumwamuru alinde. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilimpa jembe kabla hajanywa maji. Asubuhi nilikuta kipande cha kamba.

Nilipofika Migato, baba mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda, Simba amelala miguuni pake.

"Umechelewa," akasema. "Mwenzio amefika tangu alfajiri. Akirudi tena, nakuja mwenyewe."

Nikamrudisha Simba, safari hii bila kuzunguka, maana nani nilikuwa namdanganya? Nilipofika nikaanza kutafuta bua jingine, refu zaidi. Mke wangu, Minza, alinikuta nikilitafuta.

"Mimi nilipokuja hapa niliiona njia yote," akasema. "Na mkia hukunipima. Mbona sijarudi kwetu?"

Nikamjibu, kwa ujinga wa ujana, kwamba ni kwa sababu nilitoa ng'ombe.

"Ng'ombe wako kwa baba, hawanishiki mguu. Siku ile mama yako alinipa uji, akaniacha nikae kimya mpaka nilipotaka mwenyewe kusema."

Niliona aibu, mwanangu. Sikuwa nimewahi kujiuliza.

Minza akachukua kanga kuukuu aliyokuja nayo kutoka kwao, akaitandika kivulini kando ya mlango. Akawa anamwekea Simba ugali na maziwa kila siku saa ileile, na watoto wa jirani akawakataza kumzonga. Kamba akairefusha. Siku ya nne akaifungua, nami nikakimbia kuziba lango kwa miiba. Simba akatembea taratibu, akakojolea gurudumu la baiskeli yangu, nadhani alilikumbuka. Kisha akafukua lile bua kizingitini, akalitafuna lote, akaenda kulala juu ya kanga.

Baba mkwe alikuja hata hivyo, kuhakikisha. Alipoaga akapiga mluzi. Simba akamsindikiza mpaka langoni, akasimama, akageuka, akarudi kwa Minza. Mzee alitutazama sote watatu, akaenda zake bila kuuliza hali ya mtu.

Basi legeza hiyo kamba. Mpe mnyama maji, kivuli na kitambaa chenye harufu ya alikotoka. Sema naye kwa sauti ya chini, mpe siku zake za ugeni, na jembe lisubiri. Wala usidhani nasema habari za mbwa tu, maana mwakani unaoa.

Mungu akujalie mji ambamo mgeni akifunguliwa kamba, analala.