Baba Alipomtoa Mama Sadaka

Ipo Jumapili moja, mjukuu wangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo nashindwa kutunga uzi katika sindano, na si uzee. Ni hasira. Watu husema hasira hupoa mtu akizeeka. Yangu haijapoa, wala simwombi Mungu aipoze. Namwomba tu anioneshe pa kuielekeza.

Nakusimulia kwa sababu ya ulichokifanya juzi kanisani. Ulisimama mbele ya watu na koti lako zuri, ukashuhudia kwamba umemtolea Bwana kila kitu, kwamba umeacha kazi, umeacha nyumba, sasa unazunguka na Injili. Watu wakapiga vigelegele. Mie nilikuwa namtazama mkeo. Mkeo hakupiga kigelegele. Alikuwa amempakata mtoto mwenye homa, anampepea kwa ncha ya kanga. Tulipotoka nikamwuliza siku hizi wanakula nini. Akaniambia, "Tunakula tukipata, Bibi." Basi kaa hapo, na usiangalie saa yako.

Baba yangu, Elia, alikuwa karani wa bohari bandarini, Kurasini, zama za Mwingereza. Sisi tulikaa Temeke, na wakati huo Temeke ilikuwa mikorosho mingi na nyumba chache za udongo. Kila asubuhi baba alitoka na kaptula yake iliyopigwa pasi na soksi ndefu, na majirani walimwamkia kwa heshima. Alikuja kutoka bara, nchi ya Songea, pamoja na mkewe wa ndoa ya kanisani, Debora. Mie nilimwita Mama Mkubwa. Mama Mkubwa alizaa akazika, akazaa tena akazika, mpaka uzazi ukakoma. Hapo ndipo baba alipomwoa mama yangu, Chausiku, Mzaramo, kwa mahari na mashahidi, mchana kweupe. Kanisa likamtenga. Akawa anasali benchi la mwisho, karibu na mlango, na siku ya Meza ya Bwana alitoka nje pamoja na wasiobatizwa.

Nikazaliwa mie. Nikakua katika nyumba yenye mama wawili wasiopendana lakini wasiotukanana. Kila mmoja alikuwa na jiko lake. Na mama yangu, ambaye kwao hawakuwa watu wa msikitini wala wa kanisani, alianza mwenyewe kwenda kwenye mafundisho ya ubatizo. Hakuna aliyemtuma. Alipenda habari za Yesu. Jioni akipembua mchele alikuwa akirudiarudia Baba Yetu kwa sauti ndogo, akikosea, akianza upya.

Baba hakuweza kulivumilia lile benchi la mwisho. Nataka unielewe vizuri hapa: sisemi hakumpenda Mungu. Nadhani alimpenda. Lakini alipenda pia kuonekana, na makarani wenzake walikuwa wazee wa kanisa, wanakaa mbele. Akaenda kwa mchungaji, Mzungu mmoja mrefu mwenye sauti ya upole kabisa, akamwuliza afanye nini ili apokelewe tena. Mchungaji akamwambia amwache mke wa pili. Hakuongeza neno juu ya mke huyo atakwenda wapi. Baba naye hakuuliza.

Mama aliambiwa asubuhi, akiwa anaosha vyungu. Baba alisimama pale uani na nguo zake za kazini.

"Chausiku, nimeamua kumrudia Bwana. Itabidi uende kwa kaka yako."

"Niende mpaka lini?"

"Uende tu."

"Na mtoto?"

"Mtoto atabaki. Ni mtoto wa Kikristo."

Mama akamtazama. Akasema, "Na mie ninayefundishwa Ukristo je?" Baba akashika njia ya Kurasini, kwa kuwa saa ya kazi imefika. Mama akafungasha nguo zake katika shuka, akanikumbatia, akavuka maji kwenda Kigamboni, kwa kaka yake aliyekuwa akilinda minazi ya watu. Huko wifi yake alimpa pa kulala jikoni, kwenye moshi na kuku. Na mwalimu wa mafundisho ya ubatizo alipoulizwa na mtu kwa nini Chausiku haonekani tena, alisema kwamba yule mwanamke alikuwa kizuizi na sasa kizuizi kimeondolewa. Kizuizi! Mtu anayejifunza Baba Yetu.

Ndipo ikaja Jumapili ile. Kanisa limejaa, mchungaji kavaa kanzu nyeupe, baba kasimama mbele. Akatubu kwa maneno mazuri. Kisha akasema, nami nilimsikia kwa masikio yangu haya, "Nimeutoa moyo wangu kuwa dhabihu. Nimekata mkono wangu mwenyewe kwa ajili ya Bwana." Watu wakaitikia amina. Wengine walilia kwa kuguswa. Mie nilikuwa msichana ninayejiandaa kwa kipaimara, na nilitaka kupiga kelele niwaulize: mkono upi? Mbona anayo yote miwili? Aliyekatwa yuko Kigamboni, analala na kuku!

Mchungaji akamwita na Mama Mkubwa aje mbele, wapige magoti pamoja mezani, mume na mke, mbele ya kanisa lote. Mama Mkubwa alikuwa kiongozi wa kikundi cha akina mama, kiti chake kilikuwa mstari wa kwanza. Hakuinuka. Watu wakadhani hajasikia. Mchungaji akamwita tena kwa ile sauti yake ya upole.

Mama Mkubwa akasimama pale pale alipo. "Samahani, Baba Mchungaji. Nyumbani kwangu mtu amefukuzwa bila kosa. Siwezi kula hapa kama vile sijui."

"Debora, huyo hakuwa mke. Ilikuwa dhambi."

"Kama ni dhambi, waliitenda wawili. Mbona mmoja yuko mezani na mwingine yuko jikoni kwa watu?"

 Baba alikuwa amepiga magoti peke yake, shingo imemtoka mishipa. Mchungaji akamwambia Mama Mkubwa atafakari kiburi chake, na mpaka atakapotubu, asiikaribie meza. Mama Mkubwa akasema, "Haya, Baba." Akachukua kanga yake, akapita katikati ya kanisa, akaenda kukaa benchi la mwisho, karibu na mlango, pale pale alipoondoka baba.

Nyumbani baba alifoka mpaka majirani wakatoka nje. Alimwambia amemvua nguo mbele za watu. Mama Mkubwa alimwacha amalize, kisha akamwambia, "Chakula kipo tayari." Hilo tu.

Mie nami nikaona nimepata sababu. Siku chache baadaye nilimfuata uani, anakuna nazi, nikamwambia mie na kanisa basi. Kipaimara sitaki. Mungu wao simtaki. Nilidhani atanisifu.

Akaiacha mbuzi ya nazi, akaja, akanishika kidevu kwa mkono uliojaa nazi. "Nani kakwambia Mungu ni wa baba yako?"

Akaniachia kidevu.

"Waliomfukuza mama yako nawajua, na wewe unawajua. Wakasirikie. Nami nimewakasirikia. Lakini wamekwisha kukunyang'anya mama. Usiwaachie wakunyang'anye na Mungu."

"Wewe unasema hivyo, lakini mama hukumpenda," nikamjibu. Nilikuwa na ulimi mkali, kama unavyoniona mpaka leo.

Hakunipiga. Akarudi akaketi. "Kweli, sikumpenda. Alipoletwa hapa nililia mpaka macho yakavimba. Nilimwomba Mungu amwondoe, kila siku nilimwomba. Sasa kaondolewa, na naona haya. Mtu akiona haya kwa ombi lililojibiwa, ajue lile ombi halikwenda kwa Mungu." Akachukua nazi nyingine. "Kesho tunavuka."

Tukavuka kwenda Kigamboni, mie nimebeba kikapu. Tulimkuta mama amekonda, anasuka makuti. Alipomwona Mama Mkubwa aliinuka, na nadhani alifikiri amekuja kumcheka.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Chausiku, sikuja kukubembeleza, na sina uwezo wa kukurudisha kwa yule bwana. Lile shamba langu la mihogo la Mtoni, nimekupa. Kuna kibanda, paa linavuja kidogo. Twende."

Lile shamba, mwanangu, Mama Mkubwa alilifyeka kwa mikono yake. Lilikuwa lake, si la baba. Ndilo lililomfanya awe na sauti katika nyumba ile, kwa kuwa alikula cha kwake. Mama akamwuliza, "Na wewe utakula nini?"

"Nitakaanga vitumbua. Wachukuzi wa bandarini hawashibi."

Mama akalia. Mama Mkubwa akamwambia aache kulia, jua linazama, na akaanza mwenyewe kumfungia mzigo.

Hiyo, mwanangu, ndiyo dhabihu niliyoiona kwa macho. Mama Mkubwa aliacha kiti chake cha mbele. Akina mama aliowafundisha kushona na kusali wakamchagua mwingine, na walipokutana naye njiani walikuwa wanageuza macho. Aliacha shamba. Alianza kuamka alfajiri, kukaa mbele ya moshi, kubeba sinia kichwani mpaka Kurasini, na baba akipita kwenda bohari na wenzake alijifanya hamwoni mkewe anayeuza vitumbua. Na kila Jumapili, bila kukosa, alikuwa benchi la mwisho. Siku ya Meza ya Bwana alitoka nje, akasimama kivulini, akasubiri. Nilimwuliza kwa nini haachi tu kwenda. Akasema, "Nitoke kwenye nyumba ya Baba yangu kwa sababu watumishi wana kelele?"

Baba naye akawa mzee wa kanisa. Alihubiri sana juu ya kujikana nafsi. Nilikuwa nakaa nikimsikiliza, kucha zinaingia viganjani.

Mama Mkubwa aliugua mimi nimekwisha kuolewa. Aliomba apelekwe Mtoni, na mama yangu ndiye aliyemwuguza katika kile kibanda, akimlisha uji kwa kijiko, akimgeuza ubavu. Ungewaona ungedhani ni ndugu wa tumbo moja, ingawa walibishana mpaka mwisho, tena kwa mambo madogo kama chumvi. Alipofariki, wazee wa kanisa walikaa, baba akiwa mmoja wao, wakaamua kwamba ametengwa na hakutubu, hivyo kengele haitapigwa na mchungaji hatakuja.

Tulimzika kwenye mihogo. Jeneza walilibeba wachukuzi wa bandarini aliowauzia vitumbua, wengi wao Waislamu, wakipokezana njia nzima bila kuombwa. Wakaja na baadhi ya akina mama wa kile kikundi, vichwa vimeinama. Na baba akaja, na suti yake nyeusi na Biblia. Lilipokwisha kujazwa kaburi akapiga hatua mbele, akafungua kitabu, akasafisha koo ili atuongoze kwa sala.

Mama yangu akamwambia, wala hakupaza sauti, "Elia, leo kaa chini."

Baba akatazama huku na huku. Hakuna aliyemtetea. Akafunga kitabu, akaketi juu ya gogo, na mie nilimwona kwa mara ya kwanza jinsi alivyokuwa mdogo.

Mama, ambaye hakuwahi kubatizwa, akasimama kichwani mwa kaburi, akasema Baba Yetu uliye mbinguni. Alisema yote, mpaka mwisho, bila kukosea neno. Sisi tukaitikia. Baadaye, miaka imepita, mchungaji mwingine, mtu mwema, alimfuata mama akamwambia sasa mlango uko wazi, aje abatizwe. Mama akamshukuru, akasema amechoka kusimama mlangoni, Mungu anapajua Mtoni. Akafa hivyo. Wewe mhubiri niambie yuko wapi, na ujihadhari na jibu lako.

Sasa nisikilize, maana usije ukasema bibi alipiga hadithi tu. Kumfuata Kristo kunagharimu, sikatai. Asiyetoa kitu hajaanza safari. Lakini toa kilicho chako. Toa usingizi wako, toa jina lako, toa kiti cha mbele, toa lile koti. Ukitoa shibe ya mkeo, umetoa mali ya mtu. Ukitoa malezi ya watoto wako, hujajinyima lolote, umewanyima wao, kisha ukaja kupigiwa vigelegele kwa njaa yao. Na ukiona dhabihu yako inakupandisha juu huku inamshusha mwingine, simama hapo hapo uulize ni nani anayefungasha. Usingoje uambiwe na kanisa. Kanisa lilimwambia amina baba yangu.

Wala usiniambie nakuzuia kuhubiri. Hubiri. Lakini leo nenda Kawe, aliko mkeo, mtoto wako apelekwe hospitali na baba yake. Kesho tafuta kazi. Jumapili ijayo, ukipenda, simama tena ushuhudie, na mkeo akipiga kigelegele mwenyewe, bila kutazamwa na mtu, hapo nami nitapiga.

Haya, piga magoti nikuwekee mkono, ingawa bado nimekukasirikia. Mungu akupe moyo unaoumia kabla ya kuumiza. Akupe mikono ya kazi na mdomo wenye haya. Mkeo akuone ukiingia afurahi, watoto wako wasilijue benchi la mlangoni, na siku utakayolala chini, wakubebe watu uliowahi kuwalisha. Amina. Inuka, uende.