Shagire na Uzi Uliozaa Mapacha

Katika mtaa wa wafumaji wa Shiro Meda, chini ya mlima, hakuna aliyejisifu kama Shagire, na kilichowaudhi wenzake ni kwamba majisifu yake yalikuwa ya kweli. Tangu ana miaka minane alikuwa akikaa kwenye shimo la kitanda cha kufumia, miguu kwenye vikanyagio, akiinua nyuzi nyeupe nne nne kwa ncha za vidole na kupitisha rangi. Taraza zake, yale mapambo ya pindo la nguo, ungeweza kuzigeuza ndani nje usijue upande upi wa kuvaa.

Mwaka ule alikuwa anafuma shuka ya harusi ya Asnaku, binti yake wa pekee, ambaye angeolewa baada ya Meskeli, sikukuu ya Msalaba. Kwetu mfumaji haachi mwanawe avishwe na mkono wa mwingine. Akifanya hivyo akiwa hai, watu husema amemnyima radhi.

Wiki ya pili ya kazi, mambo yakaharibika. Asubuhi nyuzi zilimtii, lakini jua likishapita utosini, akiinua nne anaona nane. Mtu mwingine angeyauliza macho yake. Shagire aliuuliza uzi wa mkewe. Alitoka shimoni, akaenda kichochoroni walikokaa wanawake wakisokota pamba, akamtupia mkewe Balote kibunda cha uzi mapajani.

"Mama Asnaku, huu ni uzi au manyoya ya mbuzi? Kila mmoja umepasuka ukawa wawili!"

Balote aliupitisha uzi kati ya vidole, wala hakuutazama.

"Baba Asnaku, nimesokota miaka ishirini na tisa. Uzi wangu hauzai mapacha."

"Basi leo umezaa!"

Wanawake waliangua kicheko. Balote hakucheka.

"Haya. Tafuta wa mwanamke mwingine, umfumie mwanao tuone."

Na hakumsokotea tena. Shagire akanunua uzi sokoni, nao ukazaa mapacha. Uzi wa Balote sasa ulikuwa kwa jirani yao Anjulo, ambaye nguo yake ilinyooka vizuri sana.

"Kaka, ukishindwa niachie," Anjulo alimwambia. "Nitamvisha binti."

"Nikifa. Na hata hapo ungoje arobaini iishe."

Lakini alasiri ile vumbi lilimwingia jicho moja, akalifumba, na nyuzi zote zikawa moja moja. Akalifumbua, zikagawanyika. Akafanya hivyo mara tano. Aibu ikamshika mpaka masikio yakamwaka moto.

Kesho yake alikwenda zahanati. Muuguzi wa macho, binti aliyeitwa Haymanot, alimuuliza umri.

"Arobaini."

"Baba, nataka kukupa miwani, sio kukuchumbia."

"Arobaini na tisa."

Haymanot akamweleza. Ndani ya jicho kuna kioo laini kinachonenepa mtu akitazama karibu, na kadiri miaka inavyokwenda kinakuwa kigumu. Tena macho mawili yakitazama kitu cha karibu ni lazima yageuke pamoja kuelekea puani. Ya Shagire, kwa kuhangaika kutwa, yalichoka, na kila moja likashika njia yake.

"Baba yangu alifuma mpaka sabini," Shagire akabisha.

"Taraza zake za uzeeni ulizikagua?"

Shagire akazikumbuka. Baba yake uzeeni alifuma mistari mipana tu, akidai ndiyo mitindo ya kiume.

Miwani ya kwanza aliyojaribishwa ilimfaa mtu wa kusoma kitabu. Shagire alitoa uzi mfukoni, akashika ncha puani na kunyoosha mkono mpaka pale ambapo nguo yake hukaa.

"Hapa ndipo ninapokula," akasema. "Nipe ya hapa."

Haymanot alimtafutia ya urefu huo. Kisha akapiga mafundo matatu kwenye uzi uleule, akamfundisha kuyatazama moja moja, la mbali kwanza, mpaka la karibu nalo lionekane moja. Afanye hivyo kila asubuhi, na kazini awe anapumzisha macho.

Shagire alirudi shimoni, akavaa miwani. Uzi wa Balote aliokwisha kuufuma ulikuwa umenyooka. Kilichopinda ni taraza yake mwenyewe, upana wa vidole vinne vizima. Akaifumua yote, roho ikimuuma. Ili aanze upya alihitaji uzi, na alijua ni wa nani.

Aling'oa majani mabichi mlimani. Kwetu mwenye kosa akija na majani mkononi akapiga magoti, hakataliwi. Akapiga magoti kichochoroni palepale, mbele ya wanawake walewale, Anjulo naye akiwa mlangoni.

"Mama Asnaku, uzi wako ni mmoja. Ni macho yangu yaliyozeeka, nikakusingizia wewe. Nisamehe, nimvishe mwanetu."

Balote aliyapokea majani.

"Inuka. Magoti nayo yana umri."

Kisha akamvua miwani, akaivaa yeye, akauinua uzi aliokuwa akiusokota. Aliutazama kwa muda mrefu, mwembamba, mweupe, sawasawa kutoka ncha hadi ncha. Wanawake wakaacha kusokota, kwa sababu machozi yalikuwa yanamtoka.

"Miaka saba sijauona," akasema. "Nilikuwa naushika tu."

Akamrudishia miwani, akamsukumia kikapu kizima cha uzi.

"Kafume. Kesho unanipeleka kwa huyo aliyekupa miwani."