Kidole Kimetulia Kwenye Kiwanja cha Bibi

Jamani, mchumba wangu kanitisha leo bila kusema neno.

Mshenga aliomba picha zangu ampelekee. Mimi kazi yangu kutengeneza kurasa za mtandaoni, basi nikaziweka kwenye ukurasa unaonijulisha mtazamaji akiacha kusogeza kidole, na kaishia picha gani.

Zile za harusi ya dada, nimependeza balaa, kazipita mbio.

Kidole kikatulia kwenye picha ambayo hata mimi simo: kiwanja cha bibi kule Mbegani. Niliiweka kwa bahati mbaya.

Kikaondoka. Kikarudi palepale.

Punde mshenga akapiga. "Mwanangu, hivi kile kiwanja cha bibi kimeandikwa jina la nani?"

Nyie mngemjibu nini?

Wako njiani kuleta posa, na bibi yuko jikoni anawachomea vitumbua.